Siku Tuliyomzika Mwanamfalme Ikonge

Sikutarajia kwamba mtu wa kwanza kukimaliza kitabu changu angekuwa shemeji yangu. Nilishtuka, na sioni haya kusema hivyo. Mume wa dada yangu ni mkulima wa majani chai huko Ikonge na ni mzee wa kanisa. Nilikuwa sijawahi kumwona ameshika kitu cha kusoma isipokuwa Biblia, kitabu cha nyimbo na kipande cha gazeti kilichofungiwa vitunguu. Riwaya yangu ina kurasa zaidi ya mia tisa. Ina majitu, ndege wa kubeba jeshi mgongoni, mchawi wa kike anayezeeka kinyumenyume, na ramani mbili nilizozichora mwenyewe kwa taabu. Wenzangu chuoni, watu wa fasihi wenye shahada zao, waliipima uzito kwa mkono, wakanipongeza, wakairudisha mezani. Yeye aliisoma yote.

Alikuwa akinipigia simu jioni, baada ya maombi ya nyumbani. Salamu zake zilikuwa fupi kuliko kawaida ya watu wa kwetu.

"Shemeji, niko pale mlima umejifunga. Huyu kijana yuko hai?"

"Endelea kusoma, shemeji."

"Nasoma. Lakini niambie tu."

"Nikikuambia utaacha kusoma."

"Siwezi kuacha," alisema, na nikasikia karatasi ikifunuliwa. "Nataka tu kulala."

Hadithi yenyewe, ukiondoa mapambo, ni nyepesi. Jitu limeimeza mito yote ya nchi ya milimani. Mtoto wa pekee wa malkia anaingia ndani ya mlima kuidai mito hiyo, na mlima unamfungia ndani. Miaka inapita. Watu wanachoka kungoja, wanamfanyia mazishi bila mwili, wanazika ngao yake na mavazi yake ya vita. Halafu katika sehemu ya tatu mlima unapasuka, anatoka na mito nyuma yake. Hayo mengine yote ni mapambo, ingawa mapambo ndiyo yaliyonila ujana wangu.

Nilijua kwa nini shemeji aliuliza vile, naye alijua kwamba najua. Kijana wao wa pekee alikwenda Uarabuni kufanya kazi ya ulinzi. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila wiki. Mwaka wa pili simu ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Wazazi walikwenda kwenye ofisi zote wanakoweza kwenda watu wa kawaida, wakakalishwa kwenye viti vyote wanakokalishwa watu wa kawaida. Hakuna aliyewaambia kwamba amekufa, na hakuna aliyewaambia kwamba yu hai. Shemeji akakata kauli: mtoto yuko hai, na katika boma lake hakuna mtu wa kulia, kwa sababu kulia ni kumuua. Kila mvua zilipopita alikandika upya ile esaiga, nyumba ndogo ambayo kijana huijenga kando ya nyumba ya wazazi akishakuwa mkubwa, ili mwenyewe akirudi asiikute imebomoka.

Dada yangu alinyamaza. Alinyamaza miaka hiyo yote, akichuma chai, akipika, akiimba sauti ya kwanza kanisani bila kukosea mahali. Siku moja tu, tukiwa wawili katikati ya shamba, aliniambia bila kuinua kichwa: "Nataka kulia mara moja. Kwa sauti, kama mama za watu. Halafu nitanyamaza tena." Nilijitia kuchuma, mimi nisiyejua kuchuma, mpaka akaniambia niache, nakwanyua majani magumu na kiwandani watayakataa.

Wazo la kukifanya kitabu kuwa mchezo wa kuimbwa jukwaani lilitoka kwa mwalimu wa muziki wa shule moja pale mjini Kisii, mwanamume wa kutoka kando ya ziwa, mwenye sauti nzito ya kutikisa vikombe kabatini. Alikuwa akiifundisha kwaya ya dada yangu siku za Jumapili. Alisema kwaya ile imeshinda kila shindano la nyimbo za kanisa, sasa inaimba kwa uvivu, inahitaji kitu cha kuitia hofu. Mimi nilicheka. Watu wetu, Waadventista wa kuimba wameshika mikono mbele na vidole kutulia, wacheze majitu? Nilikuwa na hakika kwamba baraza la kanisa litalitupa wazo hilo nje kabla halijakaa kitini.

Halikulitupa. Shemeji yangu alisimama kwenye baraza, mzee yule wa kunung'unika mtu akipiga makofi ibadani, akasema kitabu amekisoma mwanzo mpaka mwisho na ni hadithi ya ufufuo. Walimwamini. Wakatoa masharti: hakuna ngoma, hakuna kutikisa kiuno, na hakuna kitu chochote kufanyika siku ya Sabato. Dada aliponieleza haya kwenye simu nilikaa chini kwenye ngazi ya nyumba yangu, huko Nyanchwa mjini Kisii, watu wakipita na kunisalimia nami nisiwajibu. Mtu anakulia mahali, anadhani anawajua watu wake.

Basi tukaanza kukikata kitabu. Tulikata sebuleni kwangu, mimi na yule mwalimu wa muziki, chai ikipoa kati yetu.

"Madam, hii kitabu ni refu kama foleni ya hospitali."

"Kata kwa adabu."

"Huyu mchawi aende."

"Mchawi haendi popote."

"Basi nitampa dakika mbili."

"Anaishi miaka mia nne!"

"Ataishi haraka haraka."

Nilimkasirikia kweli. Kulikuwa na sura nzima ya soko la usiku la majitu, sura ambayo naipenda kuliko baadhi ya jamaa zangu, na yeye aliifanya kuwa mstari mmoja wa kupokezana. Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Niliporudi alikuwa akipiga piga meza kwa kidole, akaniomba nikae nisikilize. Mito yote ya nchi, alisema, itakuwa sauti ya pili. Wanawake wa sauti ya pili wataimba kwa midomo iliyofumbwa tangu mwanzo, chini ya kila wimbo, chini ya kila neno, mpaka watazamaji wasahau kwamba wanaisikia. Halafu jitu likiimeza mito, wananyamaza.

Wiki iliyofuata nilikwenda Ikonge kusikia. Walipofika mahali pale, sauti ile ikakatika, na wimbo uliobaki ukasikika kama nyumba iliyong'olewa sakafu. Kazi iliyonichukua sura sita waliimaliza kwa kufunga midomo. Nilikuwa nimekwenda nimekasirika, na hasira yote ikaniishia pale nikabaki nimeshika karatasi zangu.

Kuanzia hapo nilikuwa mtumwa wao. Majitu yalikuwa wanaume wa sauti ya tatu, waliopakwa unga wa yale mawe ya Tabaka yanayochongwa sanamu, weupe mpaka kope. Mbawa za ndege, na za mwanamfalme za kurukia akitoka mlimani, zilikatwa kwenye yale maepuroni ya plastiki ya kuchumia chai. Ngao zilikuwa vikapu vya chai vya mgongoni. Taji la malkia lilikuwa karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula, na malkia alikuwa dada yangu, kwa sababu hapakuwa na sauti nyingine ya kubeba nafasi ile. Mwanamfalme alichezwa na mwalimu wa muziki mwenyewe. Umri wake ulikuwa umeshapita uanamfalme, na tumbo lake pia, lakini hakuna kijana wa Ikonge aliyeweza kushuka chini kwa sauti kama yeye.

Mazishi ndiyo yaliyotupa shida. Mavazi ya vita hatukuwa nayo, na ngao ya kikapu cha chai ikilazwa kwenye machela inachekesha. Tukawa tunafanya mazoezi kwa godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Dada aliimba beti zake mbele ya godoro lile kwa upole, kwa Kiswahili safi cha jukwaani, kisha mwalimu akampungia mkono kwamba basi, twende sehemu ya tatu.

Jioni moja, wengine walipokwisha kuondoka, dada aliniuliza: "Ni lazima atoke?"

"Nani?"

"Huyo mtoto wa malkia."

"Dada, ndiyo hadithi yenyewe. Na mume wako atanimeza mzima nikiibadilisha."

Alitabasamu kidogo. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba mumewe aliusimamia mchezo ule kwa sababu ya sehemu ya tatu peke yake. "Sawa," alisema. "Lakini kwenye mazishi msinipimie saa. Na hilo godoro si kitu. Siku yenyewe nitaleta kitu kizuri."

Nikamwambia alete chochote atakacho. Kichwa cha jitu kilikuwa kimepasuka siku hiyo na akili yangu yote ilikuwa huko.

Tulicheza Jumapili alasiri katika ukumbi wa kulia chakula wa shule, jukwaa likiwa meza zilizounganishwa na kutandikwa mikeka. Ukumbi ulinuka maharage na ulijaa mpaka madirishani. Shemeji aliketi mstari wa mbele, suti nyeusi ya kanisani, kitabu changu magotini. Alikuwa akitufuatilia humo kama mtu anayefuata masomo ya Sabato. Mchawi alipopita haraka, alinitazama kule nilikojificha nyuma ya pazia, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mito ilipokatika, watu walishika pumzi. Mlima ulipojifunga, mtoto fulani alilia na hakuna aliyemnyamazisha. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa naona nchi niliyoibuni peke yangu mezani imesimama pale, ina jasho.

Wakaja wabeba machela, wanaume wanne, na kilicholazwa juu kimefungwa kitambaa cha rangi ya dhahabu, cha pazia. Kilikuwa na kimo cha mtu. Niliona wanatembea wamepinda migongo. Godoro halikuwahi kuwapinda. Nikawaza kwamba dada ameweka nini humo, na wakati huohuo nikaona maji yakidondoka. Yalidondoka kutoka upande mmoja wa kile kitambaa, tone, tone, kwenye mkeka, na pale yalipolowesha dhahabu ilianza kuwa kahawia. Walipoishusha machela, kitambaa kikafunuka mwishoni, nikaona duara jeupe, tabaka ndani ya tabaka, bichi, limekatwa kwa panga asubuhi ile.

Ulikuwa mgomba.

Kwetu Gusii, mtu akipotea na mwili wake usipatikane, na watu wake wakakubali kwamba hatarudi, hukatwa shina la mgomba, likafungwa kama maiti, likazikwa bomani kwake. Halizikwi kwa mchezo. Likishazikwa, mtu yule amekufa, na hakuna atakayeuliza tena habari zake. Nililijua jambo hili tangu nilipokuwa mtoto kijijini kwetu Nyaramba, kama kila mtu aliyekuwa ndani ya ukumbi ule alivyolijua. Nilishika pazia lisidondoke, au nisidondoke mimi.

Mwanamke mmoja alisimama upande wa madirishani, akaweka mikono kichwani. Wa pili akasimama. Wakasimama mstari mzima, wale wale waliokuwa wakicheka majitu muda mfupi uliopita, mikono kichwani, kimya kabisa.

Dada yangu alivua lile taji la karatasi akaliweka chini. Alipaswa kuanza ubeti wake wa Kiswahili. Hakuuanza. Aliimba kwa Ekegusii, bila kupokea sauti kwa mtu, na alimwita mwanawe kwa jina lake la nyumbani. Alimwimbia kwamba shati lake alilifua siku ile ile aliyoondoka na bado analikunja upya. Kwamba anapika wali unaozidi kidogo watu waliopo, kila siku, na kila siku kuku ndio wanaokula. Kwamba alimwambia avae fulana ndani ya ndege na hajui kama aliivaa. Halafu maneno yakaisha, akalia. Nimesikia vilio vingi vya matangani, lakini kile kilikuwa kimewekwa muda mrefu, na kilipotoka hakikuwa na mpaka. Kwaya haikujua la kufanya na mikono yake.

Nilimtazama shemeji. Hakutikisika. Kitabu kilikuwa kimefungwa na kidole chake kimo ndani.

Nyuma ya pazia, mwalimu wa muziki alikuwa amesimama kando yangu na mbawa zake za plastiki begani. Zamu yake ilikuwa imefika. Alipaswa kuruka kati ya watu, mito iimbe, mlima uwe umepasuka.

"Madam," alininong'oneza. "Mi sitoki."

"Ni zamu yako."

"Sitoki. Kwetu tunazika yago, ile tunda kubwa ya mti. Nyinyi mnazika hii. Ni kitu moja. Sasa mimi niruke hapo na maepuroni niseme niko hai? Huyo mama amezika mtoto saa hii, madam. Saa hii."

Sikuwa nimewahi kukataliwa na mtu niliyemwandika. Upande wa pili wa pazia dada yangu alikuwa amenyamaza, na ukumbi mzima ulisimama jinsi watu wanavyosimama maombi ya mwisho yakishasemwa, wakingoja kuondoka.

"Bado!"

Ilikuwa sauti ya shemeji. Alikuwa amesimama, kitabu juu. "Mbona mmesimama kama imeisha? Bado! Kuna sehemu ya tatu!" Aligeuka huku na huku akitafuta uso wa kumuunga mkono, na kila aliyemtazama aliinamisha macho. "Iko hapa. Nimeisoma. Kuna sehemu ya tatu!" Kisha akanipata mimi penye upenyo wa pazia. "Shemeji! Si wewe ndiye uliandika? Waambie!"

Nilitoka. Sijui miguu ilinitoaje. "Iko," nilisema. "Katika kitabu anatoka."

"Basi atoke."

Nilifungua kinywa nikakosa neno, mimi mwenye kurasa mia tisa. Dada ndiye aliyesema, taratibu, macho yamevimba.

"Tata," alimwita, yaani baba, kama anavyomwita nyumbani. "Mimi nimemzika. Wewe kama hutaki, usimzike. Lakini mimi nimemzika, na watu wameona."

Shemeji alikiweka kitabu juu ya kiti, polepole, akapanda jukwaani kwa goti kama wazee wanavyopanda mahali pa juu. Nilidhani anakwenda kuipindua machela. Nilidhani atampiga dada, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na nikajisogeza katikati yao. Alinipita. Aliinama penye lile duara jeupe lililofunuka, akalifunika, akakichomeka kitambaa chini vizuri, kama unavyomfunika mtoto miguu.

"Hapa si mahali pake," alisema. "Mtoto wangu hazikwi kwenye ukumbi wa kula." Akashika machela upande wa mbele. Akamwona mwalimu wa muziki anachungulia. "Wewe kijana, shika huko."

Mwalimu akashika, na mbawa zake mgongoni.

Hakuna aliyepata muda wa kubadilisha nguo. Tulishuka barabara ile ya udongo katikati ya chai namna hiyo: mgomba katika kitambaa cha dhahabu, mwanamfalme mwenye tumbo, majitu meupe, ndege, askari wenye vikapu, malkia asiye na taji, na watu wote wa ukumbini nyuma. Vijana wa boda boda kwenye kituo walizima pikipiki. Mmoja akauliza ni nani, na jitu lililokuwa karibu naye likamjibu kwa sauti ya kawaida, "Ni ule kijana wa hapo juu," na yule wa boda boda akavua helmeti. Mahali fulani penye mteremko wanawake wa sauti ya pili walianza kuimba mito yao kwa midomo iliyofumbwa. Hakuna aliyewaambia waanze. Nilitembea nikilia bila kujifuta.

Nyumbani shemeji alichukua jembe mwenyewe. Wanaume walimwomba awaachie, akawakatalia. Alipima mahali upande wa kulia wa nyumba, akavua koti, akachimba. Udongo ulikuwa umelowa mvua ya jana na ulikubali haraka. Shimo lilipomfika kwenye muundi, alipanda juu, akaegemea jembe, akasema basi, leteni.

Watu walitazamana. Mimi, kwa kukosa akili, ndiye niliyeuliza.

"Shemeji, mbona shimo fupi hivi?"

Alilitazama shimo, si mimi. "Akirudi asisumbuke kutoka."

Hapo ndipo nilipoumia. Yote ya ukumbini yalikuwa yamenishtua, lakini hili lilinichoma mahali sikujua kwamba ninapo. Mzee mmoja alikohoa akageuka kuelekea kwenye ua. Hata kwaya ilinyamaza.

Dada yangu alimwendea mumewe akachukua jembe mkononi mwake. Alilichukua bila kulivuta, naye akaliachia. Kisha akaingia shimoni na nguo yake ya malkia, akaanza kuchimba.

Mwanamke hachimbi kaburi kwetu. Sijaona, sijasikia, na nilivyotazama nyuso za wazee pale nikajua nao hawajaona. "Yaya, mama," mmoja alimkataza kwa Ekegusii, "hapana, hiyo kazi ni ya wanaume." Mwingine akamsihi shemeji amtoe mke wake. Dada alichimba. Alitupa udongo mwekundu ukaangukia viatu vya mumewe, vile vya kanisani, na mume hakuvisogeza. Akazama mpaka magotini, akazama mpaka kiunoni, akipumua kwa nguvu, nywele zimemwangukia usoni, na hakuna mtu tena aliyesema lolote kuhusu kazi ya nani. Nilimwona dada yangu nikamwogopa. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimemhurumia tu.

Alipomaliza alilitupa jembe nje. Akaweka mikono ukingoni ajivute, udongo ukakatika, akateleza chini. Akajaribu tena, ukakatika tena. Nilipiga hatua, mwalimu wa muziki akanishika mkono.

Shemeji alipiga magoti kwenye tope na suruali yake nyeusi, akainama ndani ya shimo, akampa mikono yote miwili.

"Njoo," alimwambia. "Wewe toka."

Akamvuta. Walisimama pale ukingoni wamechafuka wote wawili, wakishikana, kisha yeye akawaambia wanaume washushe mgomba.